Kwale: Ardhi ni Yetu, Hati Ziko Wapi?

Kaunti ya Kwale ina kilomita za mraba zipatazo 8,270, na sensa ya 2019 iliwahesabu humo watu 866,820. Komoro, yenye rais, bendera na kiti katika Umoja wa Mataifa, haifikii robo ya ardhi hiyo, na idadi ya watu wake inakaribiana na ya Kwale. Ushelisheli ni ndogo zaidi kwa yote mawili. Basi ni haki kuichambua Kwale jinsi tunavyochambua nchi: historia yake, watu wake, utawala wake na uchumi wake. Ina ufuo wa Diani ambao Ulaya unajulikana kuliko miji mingi ya Kenya. Ina madini, misitu, mpaka wa kimataifa, bahari yenye samaki na reli inayopita upande wake wa kaskazini. Hata hivyo takwimu za serikali za 2015/16 zilionyesha kwamba wakazi asilimia 47.4, karibu nusu, walikuwa wakiishi katika umaskini.

Ninavyoona mimi, umaskini huo umeandikwa. Kwa zaidi ya miaka 130, kila chenye thamani Kwale kimewekewa hati mahali pengine, Zanzibar, London au Nairobi, na wanaokikalia hawakuwapo hati hizo zilipotiwa sahihi. Anayetaka kuielewa kaunti hii aanze na karatasi hizo, kisha ndiyo aende ufuoni.

Kabla ya karatasi palikuwa na watu, tena wa zamani sana. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Robert Soper alifukua karibu na mji wa Kwale vyungu vya wakulima waliojua kufua chuma mapema katika milenia ya kwanza. Mtindo huo ukapewa jina la Kwale, na vyungu vya jamii yake vimepatikana kusini mpaka Msumbiji. Baadaye Wadigo na Waduruma, wawili kati ya makabila tisa ya Mijikenda, walijenga kaya zao: vijiji vilivyozungushiwa ngome katikati ya msitu na kuongozwa na baraza la wazee, ngambi. Kaya Kinondo, iliyo jirani kabisa na hoteli za Diani, pamoja na kaya za Waduruma za Mtswakara na Gandini, zimo katika misitu ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kusini kabisa, karibu na mto Umba, palikuwa na Vumba Kuu, dola ya Waswahili iliyotawaliwa na madiwani waliotawazwa kwa siwa na ngoma. Wavumba wa leo wako Vanga, Jimbo na Wasini. Na Gazi, katikati ya pwani hiyo, likakaa tawi la Wamazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, lililohamia huko baada ya Sultani Sayyid Said kuutwaa mji huo mwaka 1837.

Karatasi ya kwanza ni ya 1886. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mpaka uanzie mlango wa mto Umba upande hadi Ziwa Jipe, na Sultani wa Zanzibar aachiwe ukanda wa pwani wa maili kumi. Jamaa wa Vanga na jamaa wa Jasini wakaamka wakiwa raia wa tawala mbili. Mpaka huo ulimwagiwa damu Januari 1915, jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilipowashinda pale Jasini askari wa Uingereza, wengi wao wakiwa wametolewa India. Karatasi ya pili ni ya Mei 1887: Sultani Barghash aliwapa Waingereza haki ya kuusimamia ukanda wake, na mwaka uliofuata kampuni yao ya IBEA ikapata hati ya kifalme. Shimoni ilikuwa mojawapo ya vituo vyake vya mwanzo, na magofu ya majengo yake yangalipo karibu na lile pango ambalo wenyeji wanalihusisha na biashara ya watumwa. Kampuni ilipolemewa, mwaka 1895 serikali ya Uingereza yenyewe ikashika ukanda, ikimlipa Sultani paundi 11,000 kila mwaka. Mdigo wa Msambweni hakuuona mkataba wala hakupata hata senti moja ya kodi hiyo.

Mwaka huohuo Mbaruk bin Rashid, Mmazrui wa Gazi, alishika silaha. Chanzo kilikuwa ugomvi wa urithi wa utawala wa Takaungu, ambako Waingereza walimweka mtu wao, lakini vita vilienea pwani yote. Agosti 1895 wanajeshi wa Admiral Rawson waliivunja ngome ya Mbaruk ya Mwele, msituni upande wa bara. Aprili 1896 akavuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, na akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Vitabu vingi vinamtaja kama mwasi wa Kiarabu na kumwacha hapo. Mbaruk hakuwa mtetezi wa watu wote, kwa kuwa utajiri wa Gazi ulitokana pia na watumwa. Lakini baada yake hapakuwa tena na mtu yeyote wa pwani ya kusini ambaye Mwingereza alilazimika kujadiliana naye.

Mwaka 1920 sehemu ya bara ikafanywa Koloni ya Kenya huku ukanda wa Sultani ukibaki Himaya. Kwa hiyo eneo tunaloliita Kwale leo lilikuwa na nchi mbili kisheria: Diani, Msambweni na Vanga chini ya jina la Sultani, na sehemu kubwa ya Kinango na Samburu chini ya Mfalme wa Uingereza. Mdigo na Mduruma wanaokutana katika soko moja, wanaooleana na kusikilizana kwa lugha, walikuwa na mabwana wawili mpaka Desemba 1963.

Karatasi iliyouma kuliko zote, hata hivyo, ni Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Ilimtaka kila mwenye dai la ardhi katika ukanda wa pwani ajitokeze mbele ya afisa, athibitishe dai lake na apewe hati. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Waliojua kusoma na wenye uwezo wa kumlipa wakili walijitokeza: Waarabu, Waswahili wa mijini, Wahindi, Wazungu. Mdigo wa Tiwi au wa Mwabungo alikuwa na minazi ya babu yake, makaburi, visima na majirani wa kumshuhudia. Ardhi kwake ilikuwa ya ukoo, na hakuwa na sababu ya kwenda kuiombea karatasi kwa mgeni. Wengi hawakudai, na wachache waliodai walikuwa na ushahidi ambao afisa hakuuzoea.

Oktoba 1963, uhuru ukikaribia, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua. Kenya iliahidi uhuru wa kuabudu, kuendelea kwa mahakama za kadhi, na kuheshimiwa kwa hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa katika ukanda. Ahadi za kwanza zilikuwa za haki, na Waislamu wa Kwale wananufaika nazo hadi leo. Ile ya ardhi iliufunga mlango uliokuwa umeachwa wazi kidogo: aliyekosa hati zama za 1908 aliingia katika uhuru bila hati, naye aliyeipata akalindwa na dola mpya. Tangu hapo, watu ambao wazazi na babu zao walizaliwa palepale wanaitwa maskwota, na ardhi iliyokuwa ya serikali ya kikoloni ikawa ya serikali huru kuwagawia iliowapenda. Plot za ufuoni Diani ziligawiwa watu wakubwa wa Nairobi na wageni. Wenyeji wakasogea nyuma ya barabara, kisha nyuma ya waliokuwa nyuma ya barabara.

Hapo ndipo ilipopata nguvu ile kauli ya Mombasa Republican Council kwamba Pwani si Kenya. Kundi hilo lilianza mwaka 1999, na kiongozi wake, Omar Mwamnuadzi, alikuwa mkazi wa Kombani, hapahapa Kwale. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Siungi mkono kujitenga, na ukanda mwembamba wa maili kumi usingeweza kumlisha Mduruma wa Kinango aliye nje yake. Lakini malalamiko yao ya ardhi yalikuwa ya kweli, na kuwakamata viongozi hakukuleta hati hata moja kijijini.

Wadigo ndio wengi katika sehemu ya pwani, na takriban wote ni Waislamu. Waduruma wamejaa Kinango na Samburu, baadhi Wakristo, baadhi Waislamu, baadhi wakiendelea na dini ya mababu. Wakamba wako vilima vya Shimba, wengi wao wazao wa waliohamishiwa huko katika mpango wa makazi wa miaka ya 1950. Wavumba, Wasegeju na Washirazi wanashika pwani ya kusini. Wamakonde waliletwa kutoka kusini kufanya kazi katika mashamba ya miwa na ya mkonge. Walikaa Kenya vizazi kadhaa bila kitambulisho, hawawezi kufungua akaunti ya benki wala kuandikisha laini ya simu, mpaka walipofunga safari ya miguu kwenda Nairobi Oktoba 2016. Walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, na vitambulisho vyao vya kwanza wakapewa miezi michache baadaye. Wapemba, wavuvi hodari wa pwani hii, walisubiri mpaka 2023. Karatasi tena. Mtu alivua Shimoni maisha yake yote, akalipa ushuru wa samaki, na serikali haikuwa na jina lake.

Mdigo wa zamani alirithi kwa mama. Mali ilitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, na fuko, ukoo wa kuukeni, ndilo lililoshika ardhi. Uislamu ulipoenea mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, watoto walianza kudai urithi wa baba zao kwa sharia, na kesi baina ya watoto na wapwa zikajaa mahakamani kwa miongo. Ilikuwa rahisi kwa mkusanyaji wa ardhi kupita katika ufa huo: akinunua kwa mtoto, mpwa hana pa kulalamikia, na akinunua kwa mpwa, mtoto hana. Nimewasikia wazee wakiulaumu ugomvi huu kuliko wanavyomlaumu Mwingereza, na nadhani wana sehemu ya ukweli.

Serikali ya kaunti ilizaliwa na uchaguzi wa Machi 2013, chini ya Katiba ya 2010. Salim Mvurya aliongoza kwa mihula miwili, kisha akaenda kuwa waziri katika serikali ya kitaifa. Naibu wake, Fatuma Achani, akachaguliwa gavana Agosti 2022, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika kaunti za Pwani na mmoja wa magavana saba wanawake waliochaguliwa mwaka ule nchini kote. Kuna maeneobunge manne, Matuga, Msambweni, Lunga Lunga na Kinango, na wadi 20. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 mgao wa Kwale kutoka hazina ya taifa ulikuwa zaidi ya shilingi bilioni 8.2. Anayekumbuka jinsi zahanati za Samburu na Ndavaya zilivyokuwa kabla ya 2013 atakubali kwamba pesa hizo zilibadilisha mambo. Mpango wa kufadhili wanafunzi, Elimu ni Sasa, umepeleka shule za kitaifa na vyuo vikuu watoto ambao wazazi wao wasingemudu hata sare. Hospitali ya Msambweni imekuwa ya rufaa kwa vitendo. Mimi naupa ugatuzi alama nzuri katika shule, maji ya vijijini na afya.

Lakini tazama kisichogatuliwa. Madini ni ya serikali ya kitaifa. Hifadhi ya Shimba Hills, mahali pekee Kenya penye palahala, iko chini ya Shirika la Wanyamapori, kama ilivyo hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, na ada ya mlangoni inakwenda huko. Usajili wa ardhi ni wa wizara. Bandari ya uvuvi iliyojengwa Shimoni ni ya Mamlaka ya Bandari. Hata njia ya kuingilia haikuwa mikononi mwa Kwale: kwa miongo mingi, karibu kila mtalii, kila gunia la saruji na kila mgonjwa wa kupelekwa Mombasa alipita kwenye feri ya Likoni, inayovusha zaidi ya watu laki tatu kwa siku. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya kivuko jirani cha Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Wawekezaji waliikimbia kusini kwa sababu ya msongamano wa feri, na hilo kaunti haikuweza kulirekebisha kwa bajeti yake hata mara moja. Barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini na kuvuka kwa madaraja ya Mwache na Mteza hadi Kibundani, ilikamilika mwaka 2024. Ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote ya usafiri kusini mwa Mombasa katika uhai wetu, na bei ya ardhi kandokando yake inaonyesha kwamba wenye pesa wamelijua hilo mapema kuliko wenyeji.

Diani ndiyo sura ambayo dunia inaijua. Hoteli zilianza kabla ya uhuru na zikafurika miaka ya 1970 na 1980. Agosti 1997 wavamizi walioapishwa katika msitu wa Kaya Bombo walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, kisha ghasia zikashuka hadi Ukunda na Diani dhidi ya watu wa bara. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha mkono wa wanasiasa. Waliouawa na waliochomewa vibanda hawakuwa na plot hata moja ya ufuoni. Hasira ya ardhi iligeuzwa ikaelekezwa kwa muuza sukumawiki na fundi wa cherehani, na hiyo ni aibu ambayo sisi watu wa pwani hatujaizungumza vya kutosha. Watalii walitoweka, wakarudi polepole, wakatoweka tena. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasiende bila sababu ya lazima pwani kuanzia Mtwapa hadi Tiwi. Diani haikuwamo katika onyo hilo, lakini kampuni za Kiingereza ziliwaondoa wateja wao hata hivyo. Jadini na Africana Sea Lodge, zilizokuwa fahari ya ufuo huu, zilifunga milango katika kipindi hicho kigumu. Waliopoteza kazi kwanza ni wapagazi, wapishi na wasafisha vyumba wa Ukunda na Mwabungo, ambao kwa sehemu kubwa walikuwa wa msimu na hawakuwa na akiba.

Utalii ukirudi, na umerudi, mwenyeji anapata mshahara. Mwenye hati anapata kodi, faida na ongezeko la thamani ya ardhi. Tofauti ya vitu hivyo viwili kwa miaka hamsini ndiyo tofauti unayoiona kati ya upande wa bahari na upande wa pili wa barabara ya Diani.

Mashamba yana hadithi inayofanana. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Wafanyakazi na majirani wakalima ardhi iliyobaki tupu, wakajenga, wakazika. Mwaka 2007 ardhi hiyo ilikodishwa kwa kampuni ya KISCOL kwa ajili ya kufufua miwa, na wakulima wakaambiwa tena kwamba si wenye ardhi. Kesi zimekuwa nyingi. Naipenda ndoto ya sukari ya Ramisi, kwa sababu kiwanda kinachofanya kazi ni ajira na ni soko, lakini kiwanda kilichojengwa juu ya mgogoro wa mipaka kinatumia pesa zake kwa mawakili badala ya mifereji.

Kisha kuna mchanga mzito wa Maumba na Nguluku. Kampuni ya Tiomin ya Kanada ilipata leseni mwaka 2004 lakini haikufika kuchimba. Kampuni ya Base ya Australia ikauchukua mradi mwaka 2010, na Februari 2014 shehena ya kwanza ikaondoka kupitia gati lake la Likoni: ilmenaiti, rutaili na zirkoni, madini ya kutengenezea rangi, vigae na titani. Familia za Maumba na Nguluku zililipwa fidia na kuhamishwa, baadhi mpaka Bwiti. Kwa miaka kumi mgodi huo peke yake ulitoa zaidi ya nusu ya thamani ya madini yote ya Kenya. Ulitoa kazi, ufadhili wa masomo na zahanati, na uliwasaidia wakulima wa pamba wa ushirika wa PAVI, na hayo yasipuuzwe. Desemba 2024 uchimbaji ulikoma, miezi miwili baada ya kampuni kununuliwa na Energy Fuels ya Marekani.

Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya eneo la mgodi. Kwa miaka mingi mgodi ulipokuwa hai, mafungu ya kaunti na ya jamii yalikaa Nairobi yakisubiri utaratibu wa kugawanywa. Hili naliona kuwa kosa kubwa kuliko kiwango chenyewe cha mrabaha. Pesa ya madini ina umri. Ikifika mgodi ukiwa unafanya kazi, mwanakijiji anaweza kununua ng'ombe, kuchimba kisima, kumlipia mtoto chuo na kuanza biashara ya kuuzia mgodi mboga. Ikifika baada ya mtambo kuzimwa, inakuta vijana wamekwisha kurudi kijijini na wapangaji wa Ukunda wamehama. Na sasa kuna swali la ardhi iliyochimbwa. Wakazi wanataka irudi kwao. Serikali inazungumzia matumizi mapya. Kama historia ya 1908 imetufunza lolote, ardhi hiyo isiachwe hata mwaka mmoja bila jina la mwenyewe.

Mrima uko karibu na hapo, upande wa Lunga Lunga. Ni kilima chenye msitu wa kaya, na ndani yake mna niobiamu na madini adimu yanayotafutwa na viwanda vya magari ya umeme na vya silaha. Kampuni ya Cortec ilitangaza mwaka 2013 kwamba utajiri wa hapo ni dola bilioni 62.4. Waziri Najib Balala alifuta leseni yake mwaka huohuo, kampuni ikaishtaki Kenya katika mahakama ya usuluhishi ya ICSID, na Oktoba 2018 ikashindwa. Sababu mojawapo ya kushindwa kwake inafaa kukaririwa: leseni ilitolewa bila tathmini ya mazingira na vibali vilivyotakiwa kwa msitu uliohifadhiwa. Sheria, ilipofuatwa, ilimlinda mwenyeji. Tangu hapo Marekani, China na Australia zimeonyesha hamu ya Mrima, nao wakazi wamegawanyika kati ya wanaotaka kazi na wanaoogopa kuhamishwa.

Kabla ya mtu kusema kwamba Kwale haiwezi kusimamia mali yake, aende Gazi. Mikoko ya hapo ilikatwa kwa miongo, kwa boriti na kwa kuni za viwanda vya Mombasa. Wataalamu wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari, na wanakijiji wa Gazi na Makongeni wakaanza kuipanda upya, na mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja ukasajiliwa kuuza kaboni chini ya kiwango cha Plan Vivo, wa kwanza duniani wa aina yake kwa mikoko. Unalinda hekta 117 na kuuza takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Pesa si nyingi. Zimeleta maji ya bomba, zimekarabati madarasa, na kila matumizi yanaamuliwa barazani, mbele ya watu wanaojua nani alikuja kupanda miche na nani hakuja. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, na Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata kwa msitu mkubwa zaidi. Msitu wenyewe bado ni wa serikali, chini ya Shirika la Misitu. Tofauti na Maumba ni kwamba kijiji kina mkataba ulioandikwa, wenye jina lake, na pesa inakuja kwa akaunti yake. Wanawake wa Kibuyuni wanaolima mwani wamefanya jambo la kufanana na hilo, wakiuza pamoja badala ya kila mmoja kumfuata mchuuzi peke yake.

Kinango haina mikoko wala watalii. Ni nchi ya ng'ombe na mahindi yanayotegemea mvua isiyoaminika, na ukame ukija watu huchoma makaa kwa sababu hakuna kingine cha kuuza. Bwawa kubwa la Mwache liko katika kaunti hii, na sehemu kubwa ya maji yake imekusudiwa Mombasa. Chemchemi za Marere, ndani ya vilima vya Shimba, zimekuwa zikiinywesha Mombasa tangu enzi za ukoloni, na visima vya Tiwi vinafanya hivyo pia. Mama wa Kinango anayechota silanga pamoja na mifugo yuko karibu zaidi na Mwache kuliko mkazi yeyote wa Nyali. Sisemi Mombasa ikatiwe maji. Nasema maji yakiuzwa, bei iwe na fungu la Kinango, lipelekwe kwa mabomba ya Kinango kabla ya bomba la Mombasa kufunguliwa.

Ugatuzi umeipa Kwale serikali, na serikali hiyo imejenga shule na kuwasomesha watoto. Umiliki bado haujafika, na hauwezi kuletwa na gavana peke yake. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaruhusu kijiji kusajili ardhi yake kwa jina lake. Kanuni za madini za 2017 zinamtaka mchimbaji mkubwa atie sahihi mkataba wa maendeleo na jamii, na atenge angalau asilimia moja ya mauzo yake. Hizi ni silaha ambazo babu zetu wa 1908 hawakuwa nazo. Vijiji vya Kinango, Lunga Lunga na Matuga vianze kusajili sasa, kabla barabara mpya haijaleta wanunuzi wengi zaidi, na wawakilishi wadi watenge pesa za wapimaji ardhi kama wanavyotenga za barabara. Na mkazi wa Mrima akiletewa karatasi ya kutia sahihi, asitie mpaka isomwe yote barazani, kwa Kidigo na kwa Kiswahili, na nakala yake ibaki kijijini.